Mtani Hanyimwi Mpira

Jumapili, 4 Agosti 1968

Tumepangiwa Kiwalani! Raundi ya kwanza ya Kombe la Mkoa, Jumamosi hii, na mtoano hauna huruma: ukifungwa umekwenda nyumbani. Kiwalani ni wapakiaji wa magunia, karibu wote Wanyamwezi. Nahodha wao, Maganga, ana shingo nene kuliko paja langu. Mwaka jana walitufunga mpaka mwamuzi akatuonea haya.

Mkutano wa klabu ulikaa leo nyuma ya ghala, hapa Chang'ombe. Katibu wetu, Mwishehe, ambaye pia ni mchezaji, akasema wanachama wamechoka. Tukitolewa tena raundi ya kwanza, nahodha ataondoka na Kondo, mchezaji mwenzetu, atashika nafasi yake. Kondo alitazama chini kwa unyenyekevu. Simwamini mtu anayetazama chini.

Nahodha ni mimi, Kasiani. Mimi ndiye niliyeachiwa mpira wa yai na yule Mwingereza wa ghalani alipofunga virago. Mimi ndiye niliyewafundisha raga hawa watu, walipokuwa wanaucheka huo mpira kwamba umepondeka. Ghalani naitwa "wewe wa mizani". Mtaani naitwa Nahodha, hata na wazee. Wakininyang'anya hilo sijui nitabaki nani.

Adelina, mke wangu, kaniomba nikae. Kasema kuku wenyewe wameanza kuniogopa kwa jinsi ninavyozunguka uani.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango wa kwanza. Anayechelewa mazoezini hastahili unahodha. Nikawapitia wachezaji mlango kwa mlango, nikawaambia mazoezi yamesogezwa nyuma, saa kumi badala ya saa kumi na moja. Kondo sikumpitia.

Saa kumi nilikuwa uwanjani peke yangu. Nikarusha mpira, nikaufuata, nikauokota. Mbuzi wa jirani alinitazama kwa muda mrefu.

Saa kumi na moja wakatokea wote, Kondo katikati. Kumbe walimpitia kwanza, wakamkuta mama yake, Bi. Mwanaheri, kaivisha mihogo ya nazi, na haingekuwa adabu kuondoka bila kuonja. Kondo aliniletea sahani yangu, kaifunika kwa kawa. Mihogo mitamu kweli. Nimekasirika mno.

Alhamisi, 8 Agosti

Kazini nimepima gunia moja mara tatu. Akili haitulii.

Kisha mchana nikaona kitu. Maganga alikuja na lori la korosho. Akamfikia Kondo, aliyekuwa ameketi nje ya ghala na chai yake na chapati. Bila salamu Maganga akachukua chapati, akala, akainua kikombe, akamaliza. Nikasogea nishuhudie ngumi. Hakuna ngumi. Kondo alicheka mpaka machozi, akamwambia Wanyamwezi wametembea kutoka Tabora kwa miguu na njaa bado haijawatoka. Maganga akajibu kwamba Wazaramo nyumba zao zinaanguka wao wakiwa ngomani.

Utani! Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akichukua chako hukasiriki, na akikuomba humnyimi. Ukimnyima mbele za watu umeaibisha ukoo mzima. Sisi Wamwera watani wetu wako kusini huko, Kiwalani hawanifai kitu.

Lakini Kondo ni Mzaramo. Basi kila Maganga akishika mpira, Kondo aombe. Nimeshindwa kumaliza ugali kwa furaha.

Ijumaa, 9 Agosti

Kondo anasita. Anasema utani una mahali pake, harusini na msibani, si kwenye kombe. Nikamwambia hii ni nchi ya ujamaa, kila mtu atoe alicho nacho kwa faida ya wote. Yeye ana mtani. Akakubali. Siku hizi hakuna anayeweza kulijibu hilo.

Adelina kauliza kama nimelifikiria jambo hili vizuri. Nimemwambia yeye raga haijui.

Jumamosi, 10 Agosti

Nitaandika yote.

Kipindi cha kwanza, maajabu. Maganga akapata mpira, akaja kama lori lililokatika breki. Kondo akasimama mbele yake, akanyoosha mkono.

"Mtani, changu hicho."

Maganga akasita. Akatazama watu pembeni. Akampa! Kondo akakimbia peke yake, akauweka mpira chini nyuma ya mstari. Pointi tatu. Muda si mrefu akaomba tena, akapewa tena. Sita kwa sifuri! Mwamuzi, Mwalimu Albano, alipekua kitabu chake cha sheria ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mahali panapokataza mtu kumpa mpinzani mpira. Nilijipiga kifua mbele ya mashabiki. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba nahodha huyu ana akili. Nilimsikia vizuri sana.

Mapumziko. Maganga akaja upande wetu, akanywa maji yetu bila kuomba, akamuuliza Kondo kwa upole kama utani siku hizi unakwenda upande mmoja tu. Kondo akasema hapana, jadi ni jadi. Maganga akashukuru, akarudi kwa wenzake. Nikaona vichwa vyao vimekutana. Kisha nikasikia kicheko.

Hapo ndipo nilipoitazama timu yangu kwa mara ya kwanza. Mwishehe Mzaramo. Mfaume Mzaramo. Ukinitoa mimi na Alfonsi, wote Wazaramo!

Kipindi cha pili sikioni kama mchezo, ilikuwa sadaka. Mnyamwezi yeyote akinyoosha mkono, Mzaramo yeyote anampa, na anamsindikiza kwa matusi ya kuchekesha. Mfaume alitoka mbio na mpira, mbele yake hakuna mtu hata mmoja, akaitwa kutoka nyuma, akarudi kuutoa. Nikamfokea Kondo awakataze. Akaniuliza kwa heshima kama nataka amnyime mtani mbele ya wajomba zake. Wajomba walikuwa wamejipanga pembeni, wanacheka wameshika mbavu.

Mwisho nikaukamata mpira mwenyewe. Maganga akanyoosha mkono. Nikamwambia mimi Mmwera, hatuna utani mimi na yeye, kwangu hapati kitu. Akakiri kwamba nasema kweli. Kisha akaninyanyua mimi pamoja na mpira, akanibeba kama gunia la korosho hadi nyuma ya mstari wetu, akatulaza chini wote wawili. Pointi tatu nyingine.

Sita kwa thelathini na kitu. Baadaye timu zote mbili zilikula wali pamoja kwa Bi. Mwanaheri. Mimi nimekuja nyumbani. Naumia, na si mbavu tu.

Jumatano, 14 Agosti

Mkutano. Nilieleza kwamba mpango ulikuwa mzuri, ila makabila yalipangwa vibaya. Mwishehe akaita kura. Mikono yote ikaenda kwa Kondo, isipokuwa miwili: wangu, na wa Kondo mwenyewe, aliyenipigia mimi kwa sababu mpira ulikuja kwa mkono wangu. Kura ile imeniuma kuliko zote zilizonikataa.

Njiani kurudi, mzee wa duka la pembeni aliniita Kasiani. Kasiani tu.

Wamenipa kazi ya kutunza na kufua jezi. Nilikubali haraka, wakashangaa. Hawajui. Jezi ya nahodha ni ya sufu, ya Mwingereza, iko moja tu, na klabu ina kanuni: asiyeivaa siku ya mechi si nahodha. Iko chumbani kwangu sasa. Mechi ya kirafiki ni Jumapili.

Jumapili, 18 Agosti

Asubuhi njema sana. Nimeichemsha jezi katika sufuria ya Adelina, moto mkali, mara mbili. Sufu ikichemka hunywea. Kondo ana mabega ya mlango, haitampita. Mimi mwili wangu mdogo, itanikaa barabara, na kanuni ni kanuni.

Nimeijaribu. Kichwa kimepita. Mkono mmoja umepita. Wa pili umekwama kifuani, haupandi wala haushuki, na jezi haivuliki. Naandika kwa mkono wa kushoto. Adelina amevuta mpaka akachoka, sasa ameketi kizingitini anacheka, anasema ataita majirani wenye mkasi. Nimemkataza. Mkasi wa nini? Jezi nimeivaa.

Nawasikia Kondo na wenzake uani wanapiga hodi, wameifuata. Nitatoka hivi hivi. Naomba tu mechi ya leo nahodha asitakiwe kushika mpira.