Mlango Uliotangulia Kurudi Kipini

Jumamosi, 9 Novemba 1957. Mwezi 16 tangu uandame.

Mlango umefika! Umepandishwa mto kutoka Kipini kwa mtumbwi, umefungwa magunia toka juu hadi chini. Mlango wa babu yangu, wa kuchonga, maua juu na mnyororo pembeni. Nimeupachika leo kwenye nyumba yangu mpya. Garsen nzima hakuna mlango kama huu. Watu wamekuja kuutazama. Wamesifu mlango, kisha wakatazama chini udongoni, kisha wakaondoka. Wivu!

Kiwanja nacho ni ajabu ya Mungu. Hatua arobaini tu kutoka kivukoni. Tambarare, udongo mweusi laini, hauna jiwe. Na kilikuwa kitupu! Watu wote wamejibana kule juu kwenye mchanga mwekundu, jua linawachoma, maji wanayafuata na mitungi. Mwezi wa tisa niliwauliza wakubwa wa kijiji kiwanja hiki ni cha nani. Wakatazamana. Wakaniambia chukua. Bure! Mmoja alishikwa na kikohozi akatoka nje, mabega yakimtikisika. Nilimwonea huruma.

Jumapili, 10 Novemba. Mwezi 17.

Halake amekuja kukagua. Huyu ndiye kaka yake Darmi, ninayetaka kumwoa, na bila yeye hakuna ndoa. Ameizunguka nyumba mara mbili akiwa na fimbo yake mabegani. Akagonga ukuta. Akasema kwa Kiswahili chake, "Nyumba mzuri. Mahali mbaya." Nikamuuliza ubaya uko wapi. Akaonyesha mto kwa kidevu.

Kisha akatoa sharti. Dada yake ni mjane mwenye heshima, hampi mtu asiye na nyumba. Maji yakishapita atarudi. Akiikuta nyumba imesimama, ndoa. Asipoikuta, basi, na nisikanyage tena kwenye boma lake.

Nimekubali papo hapo. Maji gani? Mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la dawa. Mimi mtu wa Kipini, nimezaliwa mlangoni mwa mto huuhuu, mtu wa bara anifundishe maji! Maji yanajaa saa sita, yanakupwa saa sita. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, yanajaa sana. Katikati ni maji mafu. Mwezi sasa unapungua. Maji mafu yanakuja. Nimeshinda kabla sijacheza.

Darmi mwenyewe anaishi kwenye kile kibanda chake cha fito na mikeka, wanachojenga wanawake wa Kiorma. Kimeinama kama bakuli. Wakihama wanakikunja na kumpakia ng'ombe. Nyumba ya kupakia ng'ombe! Nimemwambia Darmi asubiri kidogo, atalala ndani ya nyumba ya kweli. Akacheka. Akicheka mimi huwa sijui niweke wapi mikono. Nina miaka arobaini na mitatu na nampenda kama mtu mjinga.

Jumanne, 12 Novemba. Mwezi 19.

Mohamud ana duka la kuta za mabati kule juu, na kila jioni namwona bomani kwa Darmi. Kila jioni! Leo amenijia mbio, jasho linamtiririka. Dereva wa lori lake amerudi kutoka Madogo, mbali juu ya mto. Anasema mto huko umepanda, kivuko kimesimama, watu wamehamisha mbuzi. Akanisihi nihamishe vitu. Akajitolea stoo yake.

Nimeshangaa mtu anavyoweza kuwa na uso mkavu. Anataka nivunje nyumba yangu kwa mikono yangu, Halake aje akute uwanja! Nikamjibu Madogo ni Madogo na Garsen ni Garsen. Mto ukipanda Madogo leo, leo hiihii utashuka. Saa sita. Hata mtoto wa Kipini anajua.

Akafuta jasho. Akaondoka.

Mchana balaa la pili. Jilo, Mpokomo wa shamba la jirani, amefunga mtumbwi wake kwenye mwimo wa mlango wangu. Mlango wa babu! Nikamuuliza ana wazimu, maji yako kule na mtumbwi uko hapa. Akasema ndiyo, leo. Kisha akaniambia kwa furaha kwamba mbegu zake za mpunga ziko tayari, anayangojea maji kwa hamu. Anayangojea! Nimeufungua mtumbwi nikaukokota hadi ukingoni kwake. Mgongo unauma.

Jumatano, 13 Novemba. Mwezi 20.

Mto umebadilika rangi. Jana chai ya maziwa, leo chai ya mkandaa, bila maziwa. Povu linapita. Limepita na gogo zima, majani yake bado mabichi, ya mti nisioujua.

Nimechomeka kijiti ukingoni kupima. Asubuhi kilikuwa kikavu. Adhuhuri maji yamekifika. Vizuri, yanajaa. Alasiri nimeenda kuyaona yakikupwa.

Kijiti hakipo.

Watoto wamekichukua. Watoto wa hapa hawana adabu.

Alhamisi, 14 Novemba. Mwezi 21.

Saa tatu asubuhi. Jua kali. Maji yamefika kizingitini! Jua kali, nasema, na maji yanakuja yakitembea juu ya nyasi, taratibu, bila sauti, kama mgeni aliyekaribishwa. Sijawahi kuona jambo kama hili. Nimekaa kitandani. Hesabu yangu: yalianza kujaa alfajiri, kwa hiyo saa sita yatageuka.

Saa sita. Magotini. Pengine bara saa zao ni ndefu.

Saa nane. Ukuta wa nyuma umekaa chini. Haukuanguka, umekaa, kama mzee aliyechoka. Udongo umerudi kuwa tope na fito zimebaki zinanitazama. Nimepanda juu ya paa na daftari hili, kalamu na sufuria. Kutoka hapa naona Garsen yote. Kule juu kwenye mchanga mwekundu watu wameketi wakavu, wanakunywa chai, wananiangalia. Kwa mara ya kwanza nimeelewa kwa nini wamejibana kule. Yallah!

Saa tisa. Jilo anakuja. Anapiga pondo katikati ya shamba langu la kunde akiimba! Anaimba! Nimeshuka mtumbwini. Nikamwambia nilikuwa karibu kushuka mwenyewe. Akasema ndiyo, ameona.

Tulipogeuka, mlango ulikuwa unaondoka. Umelala chali, maua juu, unaelea kwa heshima zake zote kuelekea Kipini. Nimelia. Sioni haya kuandika, nimelia mbele ya Jilo.

Ijumaa, 15 Novemba. Mwezi 22.

Niko kwenye stoo ya Mohamud, juu ya magunia ya sukari. Ndiyo. Kwa Mohamud. Amenipa shuka, chai na kikoi chake kipya. Nikamwambia wazi asidhani kwa chai atanifanya nimwachie Darmi.

Kikombe kilimtoka mkononi. Akasema ana wake wawili na wanamtosha hadi kaburini. Bomani anafuata samli ya kuuza dukani!

Miezi mitatu nimemchukia mtu kwa ajili ya samli. Nimelala kutwa nikiutazama ukuta wa mabati.

Jumatatu, 18 Novemba. Mwezi 25.

Siku ya tano na maji hayajakupwa. Tone moja la mvua halijaanguka Garsen. Nimemwendea Jilo anieleze. Akasema mvua si ya hapa. Inanyesha kule kwenye mlima mkubwa, mbali na Madogo, mbali na yote, na maji yanasafiri siku nyingi chini ya jua mpaka yafike kwetu. Nikamuuliza mwezi unasemaje. Akasema mwezi haujui habari hii.

Nimestuka. Mto usiojua mwezi! Mtu aishi vipi na mto wa namna hiyo? Nimefikiri sana. Hapana. Jilo ni mtu mwema ila hajasoma.

Ijumaa, 22 Novemba. Mwezi 29.

Maji yamezidi kidogo. Kesho mwandamo. Bamvua! Nilijua! Mto huu unaujua mwezi, ila umbali unauchelewesha. Nimemweleza Mohamud kwa kuchora sakafuni na chaki ya dukani. Akaniomba nifute kabla wateja hawajaingia.

Mtumbwi umepanda kutoka Ozi, jirani na Kipini, na salamu za mama yangu. Jirani yake alikwenda kutega samaki akakuta mlango umekwama mikokoni Kipini, nyuma ya nyumba yetu hasa. Mzima! Ua moja tu limechubuka. Mama anasema mlango umefika salama, ameurudisha mahali pake, na anauliza, mwenye mlango yuko wapi.

Mlango umefika nyumbani kabla yangu. 

Jumamosi, 30 Novemba. Mwezi 7.

Maji yameshuka! Na leo ni mwezi saba, maji mafu hasa! Nani alisema? Mimi nilisema!

Furaha imedumu mpaka saa nne, Halake alipotokea na fimbo yake. Tumeshuka pamoja mpaka kiwanjani. Mbu kama moshi. Nyumba: fito tatu na sufuria. Nikajaribu kumwambia sufuria imesimama. Hakucheka. Akageuka aende zake, na mimi nikajua hapo ndipo ndoa yangu imeishia, nikakaa kwenye tope.

Darmi alikuwa nyuma yetu. Sikumwona akija. Akamwambia kaka yake kwa Kiorma maneno mengi, makali, mkono kiunoni. Halake akapunguza kimo. Kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili. Nyumba anayo yeye. Imepitia mafuriko mengi kuliko mlango wangu. Nami nina roho nzuri, na ninamchekesha, na mume wa kumchekesha ni vigumu kumpata. Niingie kwenye nyumba yake. Sharti moja, nisichimbe tena hata shimo moja kule chini, nje ya mchanga mwekundu.

Nimeapa. Nimeapa kwa jina la mama na la mlango. Nikah Ijumaa ijayo!

Siamini. Nimejifinya. Nimejifinya tena.

Jumanne, 3 Desemba. Mwezi 10.

Nimekwenda kuchukua sufuria yangu tu. Nimekuta nini? Mto umeleta udongo mpya! Shubiri mbili, mweusi, unang'aa kama samli. Kiwanja kimepanda juu! Tena kimekuwa tambarare kuliko mwanzo. Na hakuna mtu aliyekichukua! Baada ya yote haya, bado kitupu! Jilo anapanda mpunga kandokando anacheka peke yake, lakini katikati hapana mtu.

Nimesimama pale mdomo wazi mpaka mbu akaingia.

Kuchomeka vigingi si kuchimba shimo. Nimechomeka vinne tu, vya kona, ili kuona ukubwa. Mtu anaruhusiwa kuona ukubwa. Fito nilizichukua nyuma ya nyumba ya Darmi, zilikuwa zimerundikwa bila kazi.

Nitamwambia baada ya nikah. Akiwa ameshazoea.

Alhamisi, 5 Desemba. Mwezi 12.

Nimeamka mapema niende kwa Mohamud kunyolewa, maana kesho ni kesho. Nikatupa jicho bomani kumtazama Darmi kwa mbali, kama kawaida yangu.

Nyumba haipo!

Nimekwenda mbio. Duara jeupe kwenye mchanga, majivu ya mafiga, nyayo za ng'ombe. Mikeka haipo, fito hazipo, bakuli zima limeondoka! Ni kweli nilisikia kwamba nyikani majani yameota na Halake anahamisha ng'ombe wiki hii. Lakini sikujua kwamba na nyumba ya arusi yangu ni mzigo wa ng'ombe!

Jilo ndiye aliyekuwa na ujumbe. Anasema jana jioni Darmi alikuwa akikusanya fito zake za kufungasha akakuta zimepungua nne. Akauliza. Watoto wakamwonyesha kule chini ziliko. Akashuka mwenyewe, akavitazama vigingi vyangu muda mrefu, na Jilo anasema hakukasirika, alijifuta macho tu. Akang'oa tatu. Ya nne imeshikwa na tope ikamshinda. Maneno yake, "Mwambie Shee nyumba yangu imekwenda malishoni na fito tatu. Akitaka mke, aifuate na ile ya nne. Akitaka mlango, aende Kipini."

Nimekaa kwenye lile duara mpaka jua likanitoa. Nilikuwa ndani ya nyumba yangu, nadhani. Hapo nilipokaa pangekuwa kitanda. Moyo unaniuma mahali ambapo sikujua kuna moyo. Mohamud amekuja na chai, akakaa nami. Kisha akasema walitoka alfajiri, ng'ombe ni wa polepole, mtu mwenye miguu mizuri atawakuta kabla ya jua kuzama. Akanipa mkate na kibuyu cha maji. Akanisukuma kidogo.

Nikashuka kiwanjani kuing'oa fito ya nne. Kwa nia safi kabisa. Nikaishika kwa mikono miwili. Ilikuwa imesimama imara! Darmi ameivuta, mtu mwenye nguvu zake, na haikutoka. Udongo unaoshika fito namna hii utashindwaje kuushika ukuta?

Nikafikiri. Nyikani watakaa mpaka kiangazi. Kiangazi watarudi mtoni, hawana pengine pa kunywesha. Atakuta nyumba ya kweli, mlango wa kuchonga, na mimi kizingitini. Hapo atacheka. Nikimfuata leo nina nini? Fito moja.

Nimeandika barua kwa mama aulete mlango. Bamvua ni keshokutwa, baada ya hapo maji hayana njia ila kushuka. Mkate nimeula.

Nimerudi jioni kupima upande wa kibla. Jilo amefunga mtumbwi wake kwenye fito yangu. Nimeufungua.