Geti la Bawaba Tatu

Alhamisi, 10 Julai

Nimeamua! Geti nachomelea mwenyewe. Jumapili wakwe wa binti yangu Minza wanatoka Zagayu na ng'ombe wa mahari. Siwezi kuwapokea kwa mlango wa mbao uliooza. Mke wangu Flora anasema mji wetu wa Bariadi umejaa mafundi. Nimemkumbusha kwamba mimi Masalu ni fundi cherehani tangu ujana, na chuma ni kitambaa kigumu tu. Akaenda zake jikoni. Naamini nilimshawishi.

Jirani yangu Anatoli, dereva mstaafu, amenunua mashine ya kuchomelea kwa waya. Anajigamba hakuna njia bora kuliko hiyo. Mimi nina mashine ya vijiti vya chuma vinavyoyeyuka, mtumba safi kabisa. Binamu Mahona ana mitungi ya gesi. Geti lenyewe nimelipata kuukuu. Linakosa bawaba tu. Basi nimebuni jambo kubwa: bawaba tatu, kila moja kwa njia yake. Chini gesi, katikati vijiti, juu waya. Mji mzima utamjua bingwa. Nitakuwa mimi.

Ijumaa, 11 Julai

Gesi. Moto mzuri, wa buluu, hauhitaji umeme. Mahona kasema ndiyo njia ya upole kwa anayejifunza, mradi usiuweke moto sehemu moja. Niliuweka sehemu moja. Chuma kikalegea kama nailoni chini ya pasi, kikatoboka. Nikaweka kiraka. Kikatoboka. Nikaweka kiraka juu ya kiraka. Flora akauliza kama ni geti au chujio. Maneno ya kuvunja moyo! Bawaba imeshika vizuri, ukiitazama kwa mbali.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya ushindi! Asubuhi vijiti. Mwanzoni kila kijiti kiling'ang'ania chuma kama kupe, na taa za mtaa zikafifia. Eufrasia wa saluni ya jirani akaja juu: draya imezima, mteja yuko na kichwa kibichi. Nikamwambia maendeleo yana gharama. Akanijibu kwa Kisukuma, maneno ambayo siyaandiki hapa. Sikukata tamaa. Nilimaliza kijiti juu ya kijiti mpaka bawaba ikazama kabisa kwenye chuma. Imara! Kinga ya macho niliivua. Inazuia kuona.

Jioni zamu ya Anatoli, akiwa upande wa barabarani. Nakiri, mshono wake ulianza mwembamba na wa haraka, kama wa cherehani. Kisha upepo ukavuma, ukapeperusha gesi ambayo mashine yake huitoa kukinga mshono. Mshono ukajaa vitundu kama sponji. Eti kosa ni la upepo! Ningecheka sana, ila macho yananiwasha kama yana mchanga.

Flora akashauri tujaribu kulifungua. Nikamwambia geti la wakwe hufunguliwa mbele ya wakwe.

Jumapili, 13 Julai

Wamefika kabla hatujaenda misa. Mshenga wao Ndalahwa mbele, ng'ombe nyuma. Akaita kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka!" Nikaitikia, nikavuta geti. Wapi! Nikavuta tena, mguu nimeuegemeza nguzoni. Wapi! Vijiti vyangu vilikuwa vimeimeza bawaba pamoja na pini yake.

Nje wakaanza kusukuma. Bawaba ya Anatoli ikakatika. Macho yangu yalikuwa yamevimba, sikuona, lakini nilisikia. Sauti tamu! Bawaba ya gesi ikafuata na viraka vyake. Yangu ikabaki peke yake, imelishika geti zima, wanaume wa Zagayu wakihema. Sijawahi kujivunia kitu namna hii.

Minza akaninong'oneza, "Baba, wakigeuza ng'ombe sitakusamehe." Ng'ombe walikuwa tayari wanakula maua ya Eufrasia.

Nje wakateta. Kisha Ndalahwa akapaza sauti kwa adabu zote: "Baba Minza, tumekuelewa. Kumtoa binti kunauma, ndiyo maana umefunga. Tunaongeza mtamba mmoja, utufungulie." Akachungulia juu ya geti, akaona macho yangu yanavyotiririka. Akawageukia wenzake: "Jamani, analia! Ongezeni na blanketi la mama."

Nikasema nitafikiri. Flora akanikanyaga mguu. Nikakubali.

Anatoli akaleta grenda ya kukatia chuma, akaikata bawaba yangu kwa furaha isiyo ya kijirani. Geti likaanguka chali. Ng'ombe wakapita juu yake, wakwe nyuma yao. Ndalahwa akasema ametembea kwingi, lakini hajawahi kutandikiwa zulia la chuma.

Jumatatu, 14 Julai

Minza anacheka peke yake jikoni. Harusi ipo!

Sasa matokeo. Gesi: kwa wenye subira. Waya: kwa wenye karakana isiyo na upepo. Vijiti: kwa mabingwa. Muuguzi wa zahanati amenipa dawa ya macho, akanionya nisichomelee tena bila kinga. Mama mwema, ila uchomeleaji hakuusomea.

Mchana Ndalahwa kapiga simu. Anataka geti la zizi lake, gumu kama lile lililowashinda wao. Flora akanionyesha kwa kidole nikatae. Nimekubali papo hapo, bawaba zote kwa vijiti. Nimemwambia asihangaike kuwatoa ng'ombe. Nitachomelea wakiwa ndani, ili nipate vipimo halisi.