Mita Iliyokataa Kulala

Alhamisi, tarehe kumi na nne. Kilichopotea: heshima yangu, kitambaa kimoja cheupe cha kufuma, na kelele moja niliyoizoea.

Wenzangu wa kwaya, leo nimeaibika mpaka aibu yenyewe ikanionea huruma. Nawaambia mimi kabla hamjaambiwa na Kevo kinyozi, kwa sababu Kevo ataongeza chumvi, na kisa hiki tayari kina chumvi ya kutosha.

Kazi yangu mnaijua. Natunza lile jengo la ghorofa nne hapa Donholm. Chini kuna duka la dawa na kinyozi, katikati kuna chuo cha ushonaji na ofisi, juu kabisa kuna kanisa. Funguo zote ninazo mimi. Kazi hii ilikuwa ya mume wangu, Baba Nekesa. Alipofariki, sasa ni miaka miwili, mwenye jengo aliniachia funguo pamoja na chumba kilicho chini ya ngazi. Niliishia darasa la saba, lakini mlango haumwulizi mtu cheti.

Mwaka huu Mzee, ndiye mwenye jengo, alichoka na gharama ya stima. Akaleta mafundi. Wakang'oa zile taa ndefu zinazovuma, wakafunga za LED. Kwenye korido wakaweka taa zinazowaka mtu akipita na kuzimika akishapita. Pampu ya maji ikawekewa saa yake. Paa la kanisa likapata mabati ya kupitisha mwanga, na sasa mchungaji anahubiri kwa jua la Mungu, bure.

Lakini bili haikushuka kama Mzee alivyoahidiwa. Akaanza kununa. Wiki iliyopita alinikuta mlangoni, akaniambia bila kunitazama kwamba kuna mtu anayeuza stima ya jengo lake kwa kibanda cha chipsi hapo nje, na kwamba mwenye funguo ni mmoja tu. Akasema tutajuana Alhamisi, jengo likipimwa. Ikithibitika, nifungashe.

Sijawahi kuiba hata sindano. Lakini usingizi haujui hilo. Ulinikimbia wiki nzima.

Basi leo akaja Injinia Halima, aliyesimamia kazi yote. Ni msichana wa Eastleigh, hijabu nadhifu na buti za kazi. Alieleza kwamba kufunga vifaa vipya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulipima jengo lote, uone kama linatii. Kila kitu kinazimwa na kuchomolewa, halafu mita inatakiwa kulala. Isipolala, kuna mdomo unaokula mahali.

Kwanza alikaa kwangu kuandika orodha ya vinavyotumia stima. Nikammiminia chai. Akaandikia kwenye meza yangu, ile ya vitambaa vitatu. Nilimtajia kila kitu: balbu, birika, pasi, redio, chaja ya simu. Nikamtajia hata tochi (tochi ni ya betri).

"Kuna kingine, Mama?"

"Hakuna," nikasema, na nikaweka mkono kifuani. (Huo mkono ukumbukeni.)

Saa nne Injinia akazichomoa taa za korido na pampu, wapangaji wote wakazima na kuchomoa vitu vyao, wakajazana koridoni kuitazama mita. Taa yake ndogo nyekundu ilitakiwa kutulia. Ikapepesa. Ikatulia kidogo, kama inayofikiria. Ikapepesa tena.

Mzee hakuitazama mita. Alinitazama mimi.

Hapo ndipo ningenyamaza. Mnanijua, tangu mazishi mimi si mtu wa maneno mengi. Leo sijui yalitoka wapi. Nilipanda ngazi tatu, nikageuka, nikawahutubia watu. Nikasema anayekula stima kwa siri ajitokeze mapema, maana akipatikana ataumbuliwa mbele ya wote, na wa kwanza kumcheka nitakuwa mimi. Wa kwanza! Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Kisha nikaongoza msako, funguo zikilia kiunoni kama kengele. Kanisani, vipaza sauti vimechomolewa. Ushonaji, cherehani zimelala. Ofisini hakuna kitu. Kwa Kevo nikapekua mpaka nyuma ya kioo, na huko nikakuta mashine ya kunyolea imesahauliwa kwenye chaji. Nikaichomoa, nikaiinua juu kama mtu aliyekamata nyoka. Watu wakaguna. Tukashuka kwenye mita kwa pamoja.

Ikapepesa.

"Mathe, nipe mashine yangu," Kevo akasema. "Na msamaha utaniomba polepole, sina haraka."

Injinia akafungua sanduku la swichi, akawa anazizima moja baada ya nyingine. Ghorofa ya nne, inapepesa. Ya tatu, inapepesa. Mwenye kibanda cha chipsi naye alikuwa amesikia anatajwa, akaja kusimama mlangoni na kiazi mkononi, ashuhudie. Ghorofa ya pili. Duka la dawa. Kinyozi. Bado. Ikabaki swichi moja ndogo kwenye kona, haina jina. Akaizima.

Mita ikalala.

Akauliza hiyo inakwenda wapi. Nilijua.

"Kwangu," nikasema. (Uongo sikufundishwa. Leo nilijuta.)

Tukaenda wote, watu kama ishirini, mpaka chini ya ngazi. Nikafungua. Balbu imezimwa. Birika liko peke yake, waya umening'inia. Pasi iko rafuni. Nikaanza kupumua. Injinia akaomba ile swichi irudishwe, akainua kidole tunyamaze. Tukanyamaza.

Meza ikanguruma.

Injinia akanitazama. Akaondoa chupa ya chai. Akaondoa kitambaa cha kwanza, akakikunja vizuri. Cha pili. Cha tatu. Nilihisi kama ni mimi ninayevuliwa. Na hapo chini ikatokea friza ya Baba Nekesa, ile aliyowekea samaki wake wa kuuza jioni.

"Mama, hii hukuitaja."

"Si ni tupu?" nikasema.

"Tupu?"

"Haina kitu ndani. Itakula nini?"

Naapa ndivyo nilivyoamini. Nilijua friza inakula stima ili igandishe kitu. Ikiwa haina kitu, imewashwa tu, imefunga kama mtu wa mfungo. Miaka miwili nimeamini hivyo, na nimeinywea chai juu.

Waliocheka wa kwanza ni ushonaji. Halafu duka la dawa. Mwenye chipsi alidondosha kiazi. Mzee mwenyewe, mtu asiyecheka hata harusini, alishika ukuta.

Injinia alijaribu kutocheka, nikaona mashavu yakimuuma. Akanionyesha mpira wa mfuniko, umekatika pande mbili. Baridi yote inatoka nje, akasema, kwa hivyo injini haipumziki vya kutosha mchana wala usiku, inataka kugandisha hewa ya Donholm nzima. Alipofunua mfuniko tukaona barafu imeota kama ukuta. Na ndani ya barafu, jicho. Sato mzima, ananitazama.

Kevo akachungulia. "Na huyu pia analipa kodi?"

Nilikuwa nimesema ni tupu, na kabla ya hapo nimesema hakuna kingine. Mkono kifuani.

Vicheko vilipopungua, Mzee akauliza, sasa bila ukali, kwa nini niliiacha imewashwa kama niliamini haina kitu. Ningeweza kusema nilisahau. Nikasema ilivyo. Nikamwambia chumba kikinyamaza kabisa, ndipo ninaposikia kwamba niko peke yangu. Ikinguruma, ni kama kuna mtu anakoroma. Baba Nekesa alikoroma hivyo hivyo, anaanza, anaacha, anaanza tena.

Kevo alijifanya anakagua mashine yake.

Injinia akavuta waya kutoka nyuma ya friza, akaniwekea mkononi. "Chomoa wewe mwenyewe, Mama."

Nikachomoa. Ikatetemeka kama mzee anayeketi, ikatulia.

Mbio mpaka koridoni, hata mwenye chipsi. Swichi zote zikarudishwa, jengo zima likiwa na stima na hakuna anayeitumia. Tukaanza kuhesabu kwa sauti. Ishirini. Hamsini. Mia. Mita imelala fofofo! Ushonaji wakapiga vigelegele mpaka njiwa wa kwenye paa wakaruka. Na Mzee, mbele ya wale wale niliowahutubia, akasema katika jengo hili hakuna mwizi, na kwamba alinikosea. Akanikabidhi daftari la mita, kila asubuhi niandike namba. Alisema anataka mtu ambaye hata akijikamata yeye mwenyewe, atasema. Injinia akachukua kalamu ya wino usiofutika, akaipa ile swichi ndogo jina: MAMA NEKESA. Jengo letu limefaulu, na mimi ndiye niliyekuwa kikwazo chake. Yote mawili yameandikwa.

Alasiri barafu ikayeyuka, maji yakatambaa mpaka koridoni. Nikayapangusa kwa cha karibu kilichokuwepo (kitambaa cheupe, alinifumia mama mkwe, Mungu anisamehe). Kevo akaja na ufagio bila kuitwa. Taa mpya zikawa zinawaka kila tukipita. Nikamwomba msamaha polepole, kama alivyotaka, akanifanya nirudie.

Mwishowe sato akajitoa kwenye barafu, akaanguka chini pwaa. Kumtupa sikuweza, ni samaki wa mwisho wa marehemu. Kumla sikuthubutu. Nikampelekea paka wa jengo kwenye sahani safi.

Paka akamnusa. Akanitazama mimi kwa muda mrefu. Akaenda zake.