Koti Kwenye Kiti cha Jeni

Nianze na ukweli: mimi nimezaliwa na nyota. Wenzangu huhangaika kutafuta wafadhili mpaka viatu vinabaki kamba tupu. Mimi wafadhili wananitafuta wenyewe, na wakinikosa wanaumwa. (Makofi, anayepiga ni mama mkwe wangu peke yake.)

Baada ya utangulizi huo mfupi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika na ambaye namkaimu mimi mwenyewe. Waheshimiwa Wakuu wa Idara, makaimu wao, na makaimu wa makaimu wao. Madaktari, wauguzi, na wewe mlinzi uliyeingia kukimbia jua. Ndugu mwandishi wa habari. Mama mkwe, ambaye bila yeye nisingepata mke wala viti hivi vya kuazima. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama haikuzingatiwa basi nayo ina mkubwa wake, kamshitakini huko.

Leo tunazindua Kituo cha Kisasa cha Kuwasha na Kuzima Jeni, kilichopo nyuma ya mlango huu wenye utepe, mlango ambao naomba kwa heshima zote mtu asiuguse.

Kwa mujibu wa fremuweki ya utekelezaji, kila seli ya mwili ina kabati la mafaili, nalo huitwa DNA, na humo yamo mafaili yote, yaani jeni: faili la kucha, faili la nyusi, faili la tumbo langu hili mnalolitazama kwa wivu. Mtauliza, kama kila seli ina mafaili yote, mbona nyusi hazioti kwenye ini? (Kicheko.) Chekeni, lakini swali hilo limewakondesha maprofesa! Jibu ni kwamba karibu na kila jeni pana viti, na protini maalumu huja kukaa, kila moja na kiti kinachoitosha, maana makalio ya tembo hayaenei kigodani. Ikikaa protini ya kuwasha, inamwita mnakili: "Bwana wee, njoo, hili toa kopi!" Na kopi hiyo ndiyo inayopelekwa kiwandani kutengeneza kinachotakiwa. Ikikaa ya kuzima, mnakili anachungulia, anaguna, anajiendea zake.

Sisi wa ofisini jambo hili tunalijua bila kufundishwa. Idarani kwangu, ofisa akitoka kunywa chai anaacha koti kwenye kiti, na wewe mwenye shida ukija unaambiwa, "Mkubwa yupo, huoni koti lake?" Mwenyewe kahamishwa zamani, koti linaendelea kupokea wageni. (Mlinzi: "Hata lile la kijivu?") Lile la kijivu limepandishwa cheo, ndugu yangu! (Vifijo.)

Sasa tuje kwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto akiwa tumboni mwa mama yake ana jeni ya damu safi kabisa, inanakiliwa bila kupumzika. Akishazaliwa, inakuja protini moja, inatundika koti kwenye kiti, na jeni ile inanyamaza. Inapokea zamu jeni nyingine, na kwa watoto wetu wenye ugonjwa huu, hiyo nyingine ndiyo mbovu: chembe za damu zinajikunja kama mundu, mtoto analia mifupa mpaka na wewe unalia. Lakini ile ya kwanza haikufa! Imo kabatini, nzima, inangoja koti liondolewe tu. Na kituo changu kitaliondoa! Kitakwimu, asilimia mia na kumi na mbili ya watoto watapona, na hao wa ziada tutawagawia majirani! (Makofi marefu. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, fundi cherehani aliyenishonea suti hii, amesimama: "Binti yangu anaanza lini?")

Swali zuri sana. Mchakato uko katika hatua za juu za kuelekea mwanzo wa hatua za awali, ambapo kupitia ushirikishwaji wa wadau... ("Shemeji, mimi si mdau, mimi mama. Lini? Hospitali kubwa walimpa nafasi ya kliniki ya damu kesho. Nimewaambia wampe mwingine, mwanangu atatibiwa hapa kwenu.")

(Mama mkwe ameshusha mikono.)

Jeni hoyee! Nasema, jeni... Shemeji, umewaambia nini? Lini? Asubuhi hii? Basi toka sasa hivi. Shika simu yangu, wapigie ukiwa njiani, waambie ulidanganywa na mwehu mwenye tai. Ukinitaja wataamini upesi. Kama nafasi imeshakwenda, wafuate mpaka mlangoni, ulie, na mimi nakuja nyuma yako kulia. Mlinzi, mpishe! Mama, usinitazame hivyo, mjukuu wako atakwenda.

Nyie wengine kaeni. Haya niliyosema ya viti na makoti ni kweli, na wapo wanaoyafanyia kazi, wenye maabara na akili zao. Mimi si mmoja wao. Kliniki hoyee! (Hoyee.) Msingoje mtu mwenye utepe! (Hoyee!) Nawashukuru kwa dhati kwa kujitokeza kwa wingi kuzindua stoo ya mafagio, maana kituo hakipo, hakijawahi kuwapo, na hakuna mfadhili hata mmoja aliyewahi kunitafuta.