Injini Iliyokataa Kuzimika

Kwa jina la Mola aliyeviumba vilima kabla ya magari. Nakusalimu kwa heshima, ewe utakayelikuta daftari hili, wewe na wazee wako. Soma taratibu. Sina haraka; gari langu pia halina.

Jumapili, 3 Machi

Kamati ya msikiti imekata shauri. Maalimu, aliyenifundisha herufi zangu za kwanza miaka sitini iliyopita, atashuka stesheni Alhamisi, nami ndiye nitakayempandisha kilimani hadi nyumba ya wageni. Heshima iliyoje! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, karani mstaafu, alipinga. Ati ana gari jipya linalojibadilishia gia lenyewe. Nikamjibu kwamba dereva asiyebadilisha gia ni abiria aliyeshika usukani.

Jambo moja dogo. Leo kilimani injini ilipandisha sauti, gari lisipande mlima. Muuza mikate alitupita kwa baiskeli. Alitusalimu, akangoja jibu, akaenda zake. Harufu kama ya kandambili iliyoangukia makaa. Mke wangu akauliza kama nimeacha kitu motoni. Nikasema ni petroli chafu.

Jumatatu, 4 Machi

Mkakati: kupunguza uzito. Nimeshusha tairi la akiba, jeki, mkeka, na vitabu vinne vikubwa vya fiqhi. Mke wangu alikataa kushushwa.

Matokeo: yale yale. Mke wangu akasema kwa upole kwamba vimeshuka vyote isipokuwa ubishi wangu.

Jumanne, 5 Machi

Nilikwenda gereji kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, fundi anayesifiwa mji mzima. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Haielekei sasa anisomeshe yeye. Basi nikasema gari ni la rafiki yangu. Akauliza, huku akifuta grisi vidoleni, huyo rafiki hajambo? Nikasema hajambo, mzee wa watu, mcha Mungu.

“Haya, Mjomba, mwambie avute breki ya mkono, atie gia ya nne, akanyage mafuta kidogo, halafu aachie klachi polepole. Sasa, injini...”

Hapo nikamwona shemeji akiingia getini. Nikaaga. Maelekezo nilikuwa nayo. Yaliyobaki yalikuwa maneno tu.

Alasiri nikajaribu uani. Breki ya mkono. Gia ya nne. Mafuta. Nikaachia klachi.

Haikuzimika! Ilinguruma pale pale, imara, gari limetulia tuli. Sifa zote ni za Mola! Injini ya miaka ishirini na saba, gari limefungwa breki, limetiwa gia kubwa, na bado injini haizimiki!

Nikamwita shemeji ashuhudie. Aliinama, akanusa chini ya gari. Kisha akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema ni maajabu, na kwamba itakuwa dhambi kamati wasione. Wakaitwa watatu. Jumla nilifanya mara tano. Moshi kidogo. Shemeji alishikwa na kikohozi kibaya. Alifunika uso kwa leso muda wote, mabega yakimtikisika. Nimemwombea afya.

Jumatano, 6 Machi

Msiba! Kilimani gari halikupanda kabisa. Nilikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, gari likarudi nyuma kistaarabu hadi ukutani kwa jirani.

Mke wangu akampigia simu mpwa wangu bila idhini yangu. Akaja, akakaa kwenye usukani dakika moja, akashuka. Akauliza kama yule rafiki alifanya jaribio. Nikakiri kuwa rafiki ni mimi, na kwamba nililifanya mara tano, mbele ya mashahidi. Akajishika kichwa.

“Mjomba! Ilitakiwa izimike! Ikizimika, klachi ni nzima. Isipozimika, klachi inateleza: injini inazunguka, magurudumu hayana habari. Na kila ukijaribu unazidi kuiunguza. Wewe umeiunguza mara tano, na watu ukawaalika!”

Kikohozi cha shemeji sasa nimekielewa.

Kisha akataka aone ninavyoendesha. Tukazunguka barabara ya tambarare. Akasema: mguu wa kushoto. Nikauliza una nini. Akasema umelala juu ya klachi kama paka kwenye kochi. Nikaeleza kuwa ni tahadhari. Gia ikihitajika, mguu uwe karibu. Akasema tahadhari hiyo ndiyo iliyoila klachi. Kifaa kitapatikana Ijumaa. Mpaka hapo, kilima ni marufuku.

Ijumaa! Maalimu anafika kesho. Shemeji ameshaosha gari lake mara mbili.

Alhamisi, 7 Machi

Nilitafakari baada ya swala ya alfajiri. Kuteremka hakuna shida. Kupanda kunataka kasi tu. Mpwa wangu ni fundi, lakini kasi hakuitaja.

Nilimtangulia shemeji stesheni. Maalimu akashuka, mwembamba, fimbo mkononi, macho yamefifia. Alinitambua kwa sauti. Akapanda garini mwangu! Machozi yalinilenga.

Tukakivamia kilima kwa kishindo. Theluthi moja tukaimaliza vizuri. Kisha gari likanyong’onyea, likasimama mbele ya kamati nzima iliyojipanga kando ya barabara kwa mapokezi. Nikavuta breki ya mkono haraka. Shemeji akaegesha nyuma yetu, akafungua mlango wake, akamkaribisha Maalimu kwa sauti ya asali.

Lakini Maalimu hakusogea. Akasema amepanda na mwanafunzi wake, atashuka na mwanafunzi wake.

Basi kamati wakakunja mikono ya kanzu wakaanza kusukuma. Shemeji pia, maana macho yote yalimwelekea yeye. Nilishika usukani kwa unyenyekevu. Maalimu akashangaa jinsi gari lilivyo kimya. Nikamwambia magari ya zamani yalitengenezwa kwa uangalifu.

Nyuma nikamsikia shemeji akihema. “Shemeji, nakuomba, walau toa breki ya mkono!”

Nikaitoa.

Jumamosi, 9 Machi

Klachi mpya! Mpwa wangu amenikabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akanitaka ahadi: mguu wa kushoto usikae tena juu ya klachi. Nimeahidi, na mimi si mtu wa kuvunja ahadi.

Maalimu anaondoka kesho. Nilijitolea kumteremsha stesheni. Akasema daktari amemsisitizia kutembea. Nimemwelewa: anataka kurefusha mazungumzo yetu. Nitamfuata nyuma polepole na gari, nikiwa na begi lake, tuongee dirishani.

Ahadi nimeitekeleza kikamilifu. Mguu wa kushoto sasa unapumzika juu ya breki, kwa tahadhari. Nimepanda kilima mara mbili. Gari limepanda, lakini kwa uzito wa ajabu, na kuna harufu mpya, ya chuma kilichopata moto, upande wa magurudumu. Nashuku matairi. Sitamsumbua binti wa watu kwa jambo ninaloliweza. Kesho asubuhi, kabla Maalimu hajafungua mlango, matairi ya mbele nitayahamishia nyuma.

Mola akubariki, ewe msomaji, wewe na wote walio chini ya paa lako. Akupeni safari za salama na marejeo ya furaha, na akuepusheni nyote na matairi mabovu. Amina.