Uzinduzi wa Saa ya Kupima Fikra

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye hakufika lakini kiti chake kipo. Wakuu wa vitengo, wasaidizi wao, na wasaidizi wa wasaidizi. Bwana mpiga picha, upande huu tafadhali. Na ninyi wajitoleaji mlioketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya meza kuu.)

Nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, ambao wengi wamenisifia, mimi Mkurugenzi wa Kituo hiki, kuzindua Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Ufuatiliaji wa Muda katika Majaribio ya Saikolojia. Kwa lugha nyepesi ni hivi: mtu anakaa kwenye kompyuta, anasoma maelekezo, anajibu maswali, anapumzika, anajibu mengine, na kila sehemu ina saa yake inayohesabu, ili tujue amefikiri kwa muda gani. Mimi nilipoelezwa nilielewa papo hapo, kwa asilimia tisini na nane. (Vicheko. Mkurugenzi anavipokea kama makofi.)

Sasa kuna minong'ono kwamba jaribio lilikuwa lianze asubuhi, na jua limeshavuka utosi. Ndugu zangu, hapa kwetu hata bomba la maji halitoi tone kabla mgeni rasmi hajalifungua, sembuse saa? Niliagiza kwamba isihesabiwe hata sekunde moja kabla sijabonyeza kitufe hiki, na nawapongeza kwa nidhamu. (Mzee mstaafu, safu ya nyuma: "Makalio yetu yamehesabu." Vicheko virefu.) Ahsante mzee wangu, hiyo nayo ni data.

Hebu tazameni vioo vya kompyuta hizo. Sehemu ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Mapumziko, sifuri, maana yake watu wetu ni wachapakazi kiasi kwamba hawajui kupumzika! Na ukijumlisha sehemu zote, unapata sifuri ileile, bila tofauti hata chembe, usahihi wa asilimia mia moja ambao wataalamu wa nje wameuhangaikia miaka nenda miaka rudi. (Mtu anapiga chafya.)

Namwona binti yetu mtafiti pale mlangoni, amenyoosha mkono tangu nilipoanza. Sema mwanangu, kwa kifupi. (Mtafiti: "Mkurugenzi, wiki ijayo natetea tasnifu yangu. Watu hawa nimewatafuta mwaka mzima, na wakiondoka leo hawarudi. Nitaandika nini?") Swali zuri, na nililitarajia. Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Utaandika sifuri, kwa wino mweusi, na hotuba hii utaiweka kama kiambatisho. (Mtafiti anakaa chini, sakafuni. Hakuna anayecheka.)

Naona baadhi ya wajitoleaji wanainuka. Bila shaka wanawahi kusambaza habari njema. Kabla hawajaisha, tuitikie kaulimbiu yetu. Muda! (Wajitoleaji: "Umekwisha!") Fikra! ("Njaa!") Hamasa ninaiona. Basi, kwa mamlaka niliyopewa, nabonyeza. (Anabonyeza. Anabonyeza tena. Meza kuu inapiga makofi kwa kusimama.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru seremala aliyechonga kitufe hiki, mbao safi, hakina hata waya mmoja wa kuharibu sura. Namshukuru mchapaji aliyechapa zile sifuri kwenye karatasi na kuzibandika juu ya vioo kwa ustadi, hata mimi niliyelipia gundi nilidhani zinawaka. Namshukuru kwa dhati na yule atakayetuandikia programu yenyewe, popote alipo, kwani nafasi yake ya kazi tutaitangaza bajeti ikiruhusu. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, mliobaki. Na wewe binti yangu, inuka hapo sakafuni, futa machozi, usiwe na wasiwasi: muda wako bado haujaanza kuhesabiwa.