Ufunguo wa Duka na Chungu cha Shangazi Nura

Jumamosi, 5 Julai
Shangazi Nura ameondoka kwenda Maskati kumwoza bintiye. Ametuachia vyungu viwili vya mmea wake wa majani manene: kimoja mimi, kimoja Moosa, mtoto wa ami yangu Obeid. Atakayeutunza vizuri atakabidhiwa ufunguo wa duka la vitenge. Ufunguo! Nimechoka kubeba marobota huku Moosa akipima vitambaa. Shangazi akasema mmea ukae dirishani, usipewe maji mpaka udongo ukauke kabisa. Nikaitikia kabla hajamaliza. Mimi si mtoto.

Jumapili, 6 Julai
Moosa kaweka chungu chake dirishani, kaenda zake mpirani. Hana habari! Mimi nina mpango. Nyumbani kwetu maji ya udhu yakibaki kwenye birika hayamwagwi ovyo. Baba hataki israfu. Nimeweka chungu koridoni, pale pale tunapotawadhia. Nikamwomba kila mtu, kwa siri, amalizie birika lake humo. Kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Nyumba nzima inanifanyia kazi, nami nimelala. Akili hizi sijui nimerithi kwa nani.

Alhamisi, 10 Julai
Majani yamenona! Yanang'aa! Nimepita kwa Moosa: ya kwake yamenywea kidogo. Nikampa pole. Moyoni nacheka.

Jumatatu, 14 Julai
Jani moja limeanguka. Halafu lingine. La njano, laini, unaona hadi upande wa pili. Dada yangu Miza anasema chungu kinanuka. Wivu tu. Nimeamua ni kiu. Julai hii ni vumbi tupu. Nimewaambia wote waongeze.

Jumatano, 16 Julai
Shina limelala. Mafuta ya magari hakuna mjini, nikapanda mtaa wa Kinanira kwa miguu, chungu kifuani, hadi kwa mama Odette, Mkongomani anayeuza maua. Akaingiza kidole kwenye udongo, akakitoa kinachuruzika. “Apana, papa, hii haina kiu. Mulishaizamisha.” Mizizi imeoza, akasema, nikate kipande kilicho kizima, nikianike, nisiguse maji. Anataka tu kuniuzia mwingine! Nilihuzunika sana mpaka kona ya kwanza ya mteremko. Hapo nikapata wazo.

Jumamosi, 19 Julai
Nimeutengeneza! Vijiti vya meno ndani ya shina, gundi kwenye kila jani, mafuta ya nazi ya kung'arisha. Umesimama wima kuliko wa Moosa. Mchana wote hata mimi nilisahau kwamba umekufa.

Jumapili, 20 Julai
Shangazi amerudi. Ukoo wote sebuleni kwetu, vyungu viwili mezani. Akautazama wa Moosa. Akautazama wangu, akaniita mwanangu, akatoa ufunguo mkobani. Nikaushika! Machozi yakanitoka.

Ikaadhiniwa Alasiri. Mama akatawadha, akakikosa chungu koridoni, kwa mazoea akaja sebuleni na birika lake, akamimina chunguni. Nyuma yake baba. Nyuma yake Miza. Hata ami Obeid. Kumbe na yeye nilimwomba. Foleni kama ya mafuta! Gundi ikaachia. Majani yakadondoka kwenye zulia moja moja, vijiti vikabaki vimesimama. Shangazi akauliza, taratibu kabisa, kama hayo maji ni ya kila siku.

“Kila swala, wifi,” mama akajibu kwa fahari.

Ufunguo ukaenda kwa Moosa. Nilitamani zulia linimeze. Shangazi akanihurumia: akakonyoa jani moja la mmea wa Moosa, akanipa. Akasema nililaze juu ya udongo mkavu, nisiliguse. Likitoa mizizi, nitakaa kaunta Jumamosi.

Jumatatu, 21 Julai
Nililiweka jani juu ya udongo mkavu, kama alivyosema. Asubuhi nzima sikuligusa. Lakini jani lisilo na mizizi litakunywaje? Shangazi hakulifikiria hilo. Nimelilaza kwenye bakuli la maji, nikalifunika lisipate baridi. Kaunta ni yangu! Nimewaomba mama, baba na Miza, kila mmoja kwa siri, bakuli lisipungue maji.